Jinsi ya Kuimarisha Asasi ya Kuzuia Matumizi ya Dawa za Kulevya: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Mitaani

Kila ifikapo tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kupiga Vita Dawa za Kulevya, vikundi vingi vya Tanzania huvaa fulana, huandamana hadi uwanjani, hupiga picha na mgeni rasmi, kisha hunyamaza hadi Juni nyingine. Wanachama wake hawakosi moyo, kwani wengi wao wameingia katika kazi hii baada ya kuona ndugu, mwana au rafiki akiteketea kwa unga. Kinachokosekana ni utaratibu wa kazi kwa siku 364 zinazobaki, na mwongozo huu unahusu siku hizo.

Nimeuandika kwa ajili ya asasi ndogo yenye wanachama kati ya 10 na 30, iliyosajiliwa au inayojiandaa kusajiliwa, ambayo imeomba ufadhili zaidi ya mara moja ikakataliwa bila kuelewa sababu. Hatua zake zinafuatana kwa makusudi. Asasi inayorukia hatua ya kuomba fedha kabla ya kumaliza zilizotangulia hurudi ilikotoka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Katiba ya asasi, hata kama bado ni rasimu, pamoja na orodha ya wanachama hai. Anayehesabiwa kuwa hai ni aliyehudhuria angalau kikao kimoja katika miezi mitatu iliyopita.
- Madaftari matatu magumu: la mihtasari ya vikao, la mapato na matumizi, na la mahudhurio ya shughuli.
- Kitabu cha stakabadhi chenye nakala, hati za malipo, na faili la kutunzia risiti.
- Akaunti ya benki kwa jina la asasi. Kama haipo, andaeni barua na muhtasari wa kikao unaoidhinisha kuifungua.
- Barua ya utambulisho kutoka ofisi ya Serikali ya Mtaa au Kijiji.
- Kabati lenye kufuli.
- Watu watatu walio tayari kutoa saa nne kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja. Msipowapata hawa, ahirisheni kila kitu hadi wapatikane.

Kompyuta inafaa, lakini si sharti. Nimeona asasi yenye daftari lililotunzwa vizuri ikiaminiwa kuliko yenye kompyuta mbili na kumbukumbu zilizopotea.

## Hatua ya 1: Lijueni tatizo la mtaa wenu

Maandiko mengi ya miradi huanza na maelezo ya dunia nzima, yakashuka Afrika, yakafika Tanzania, na kuishia hapo, wakati msomaji anataka kujua kinachotokea katika kata yenu. Mtaa wa Tanga wenye vijana wanaojidunga heroini hauna tatizo sawa na kijiji cha Same kinachozungukwa na mashamba ya mirungi, wala sawa na mtaa wa Mwanza ambako watoto wa umri wa shule ya msingi wananusa gundi.

Tengeni wiki tatu. Tembeeni mtaa mzima, asubuhi na tena baada ya magharibi, kwa sababu vijiwe vya mchana na vya usiku havifanani. Zungumzeni na madereva wa bodaboda, mama lishe, walimu wa malezi, muuguzi wa zahanati, mwenyekiti wa mtaa, imamu na mchungaji. Zaidi ya wote, zungumzeni na watu wanaotumia au waliowahi kutumia dawa hizo. Waulizeni wote maswali yale yale: ni kitu gani kinachotumika zaidi, watu huanza wakiwa na umri gani, huanzia wapi na kwa kushawishiwa na nani, na ni nini kiliwahi kumsaidia mtu kuacha.

Swali la umri ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote. Mkigundua kwamba wengi walianza na sigara au pombe wakiwa na miaka 12 au 13, mtakuwa mmejua kuwa kampeni inayolenga kidato cha nne inafika kwa kuchelewa.

Tahadhari. Msikusanye majina ya wauzaji wala ramani za maficho yao. Mwananchi mwenye taarifa ya uhalifu anaweza kuipeleka mwenyewe kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kwa kupiga 119 bila malipo. Asasi ikianza kuonekana kuwa jicho la polisi, waraibu wataikimbia, wazazi wataogopa kusema ukweli, na wanachama wenu watakuwa hatarini wakirudi nyumbani usiku.

Mtajua mmefanikiwa mkiwa na ukurasa mmoja unaoeleza tatizo la mtaa wenu, ambao mwenyekiti wa mtaa na mtu aliyewahi kutumia dawa wote wawili wakiusoma watasema, "Ndivyo ilivyo."

## Hatua ya 2: Chagueni kundi moja na kazi moja

Malengo ya asasi changa mara nyingi husomeka hivi: kutoa elimu, tiba, ushauri nasaha, makazi, mitaji, michezo na utetezi wa sheria. Hakuna asasi ya watu 20 inayoweza kufanya yote hayo. Asiyechagua hubaki anafanya lile ambalo mfadhili wa mwezi huo anataka kusikia.

Kwa kutumia ukurasa wa hatua ya kwanza, chagueni kundi moja kwa miaka miwili. Linaweza kuwa wanafunzi wa darasa la sita hadi kidato cha pili katika shule tatu, wazazi wenye watoto wa umri wa miaka 10 hadi 14, au vijana walioacha shule wanaoshinda kwenye kituo cha bodaboda. Kisha andikeni sentensi moja: tutafanya jambo gani, na nani, wapi, mara ngapi. Mambo mengine mazuri yaandikeni kwenye karatasi ya pembeni yenye kichwa "Baadaye".

Kama hamjui pa kuanzia, ushauri wangu ni wazazi. Kikundi cha mama na baba 15 wanaokutana kila Jumamosi kujifunza jinsi ya kuweka mipaka nyumbani, kufuatilia mtoto alipo bila kumpiga, na kuzungumza naye kabla hajaharibikiwa, hakihitaji kibali cha shule, hakina gharama kubwa, na kinagusa watoto wote wa nyumba husika.

## Hatua ya 3: Acheni kutisha, fundisheni stadi

Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia Dawa za Kulevya na Uhalifu ilitoa mwaka 2013 viwango vya kimataifa vya kinga, na toleo la pili, la mwaka 2018, ikalitoa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Viwango hivyo vilikusanya tafiti ili kutenganisha kinachozuia na kisichozuia. Miongoni mwa mambo ambayo hayakuonyesha matokeo mema, au yalileta madhara, ni haya: mihadhara ya upande mmoja, picha na hadithi za kutisha, ushuhuda wa waliowahi kutumia dawa mbele ya wanafunzi, na kuwapa askari polisi jukumu la kufundisha.

Hiyo ndiyo ratiba kamili ya ziara nyingi za shuleni. Wanafunzi 600 hukusanywa mstarini, afisa anahutubia, kijana aliyepona anasimulia jinsi alivyolala jalalani, kisha zinapigwa picha. Mtoto anayesikiliza huondoka na mambo mawili ambayo hatukuyakusudia. La kwanza ni kwamba kila mtu anatumia, maana jambo hili limezungumzwa kama mafuriko. La pili ni kwamba mtu anaweza kutumia, akapona, akawa mzungumzaji anayepigiwa makofi. Akijaribu bangi kesho asife wala asichanganyikiwe, ataamini kuwa mengine yote tuliyomwambia yalikuwa uongo.

Kilichoonyesha matokeo ni mafunzo ya stadi za maisha yanayotolewa kwa mtiririko, kwa kawaida vipindi 10 hadi 15, kimoja kwa wiki, na mwezeshaji aliyefundishwa, huku wanafunzi wakishiriki wenyewe. Yapangeni hivi:

1. Kundi lisizidi watoto 30, ili kila mmoja aseme na kufanya jambo katika kila kipindi.
2. Kipindi kiwe cha dakika 40. Dakika 5 za kukumbuka wiki iliyopita, 10 za kueleza stadi moja, 20 za kuigiza na kufanya mazoezi, 5 za kupeana kazi ya kujaribu nyumbani.
3. Mada ziwe za kutendeka: kukataa bila kugombana, kutuliza hasira, kuomba msaada kwa mtu mzima, kuchagua marafiki, kutambua ujanja wa matangazo ya pombe.
4. Wekeni kipindi kimoja cha kusahihisha dhana. Watoto waandike bila majina wanavyodhani ni wangapi darasani wamewahi kuvuta sigara, kisha waandike bila majina kama wao wenyewe wamewahi. Mara nyingi makisio huizidi hali halisi, na mtoto akijua kuwa wengi hawavuti hujisikia huru kutovuta. Hesabuni majibu faragha kwanza. Ikiwa idadi halisi ni kubwa kwa kundi hilo, msiitangaze, bali ichukueni kama taarifa ya kupanga kazi yenu.
5. Rudini mwaka unaofuata kwa vipindi vitatu au vinne vya kukumbushia.

Kuhusu kijana aliyepona, simwondoi katika kazi hii hata kidogo. Uzoefu wake ni mali ya asasi. Unafaa katika kuwafundisha wawezeshaji, kuwatembelea walio maskani, kumsindikiza anayeanza matibabu, na kueleza mahitaji ya wenzake mbele ya baraza la madiwani. Mahali usipofaa ni mbele ya watoto ambao bado hawajaanza.

Tahadhari. Kuingia shuleni kunahitaji kibali cha halmashauri kupitia kwa mkurugenzi na afisa elimu, wala makubaliano ya mdomo na mwalimu mkuu hayatoshi. Mwezeshaji asibaki peke yake na mtoto chumbani, na asipige picha ya mtoto bila ridhaa ya mzazi.

Mtajua mmefanikiwa pale ambapo mwalimu wa malezi atawaomba mrudi bila nyinyi kuomba, na mtoto ataweza kuwaonyesha kwa kuigiza anavyokataa sigara, badala ya kukariri madhara yake.

## Hatua ya 4: Ondoeni asasi mikononi mwa mtu mmoja

Usajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali unasimamiwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake, na kwa ngazi ya chini mtaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Asasi inaweza kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Msikimbilie ngazi ya taifa kwa fahari, maana inaleta matarajio ambayo asasi ya kata moja haiwezi kuyatimiza. Walioko Zanzibar wafuate msajili na mamlaka za huko, ambazo ni tofauti.

Baada ya usajili kuna wajibu wa kila mwaka wa kutuma taarifa ya kazi na kulipa ada. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti kina muda wa miaka 10. Andikeni tarehe hizi kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu asasi nyingi hugundua kuwa zina malimbikizo siku mfadhili anapoomba uthibitisho wa uhai.

Kuhusu uongozi, mwenyekiti, katibu na mhazini wasiwe wa nyumba moja. Kikao kifanyike tarehe isiyobadilika, mathalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na muhtasari uandikwe papo hapo, usomwe na kusainiwa kikao kinachofuata. Muhtasari mzuri hutaja waliohudhuria, uamuzi uliofikiwa, mtekelezaji na siku ya mwisho. Hotuba haziandikwi.

## Hatua ya 5: Nyoosheni fedha, hata kama ni shilingi 50,000

Niliwahi kukaa na kikundi ambacho michango yake ya miaka miwili ilikuwa ikipokelewa kwenye simu ya mwenyekiti. Alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Alipofariki ghafla, laini ilikuwa kwa jina lake, namba ya siri hakuna aliyeijua, na familia ilikuwa kwenye msiba. Fedha zilikwama, na baada yake yakaja maneno ambayo marehemu hakustahili. Tangu siku hiyo sikubali hoja ya kwamba "sisi tunaaminiana".

Kanuni zenyewe ni chache. Fedha yoyote iingie benki au kwenye namba ya malipo yenye jina la asasi, na mtoaji apewe stakabadhi. Watia saini wawe watatu, na wowote wawili waweze kutoa fedha. Mhazini asiwe mtu yule yule anayeidhinisha matumizi. Anayechukua masurufu, yaani fedha ya kutumia kwenye shughuli, ayarejeshe kwa risiti ndani ya siku saba, na asipewe mengine kabla ya kurejesha. Kwa malipo yasiyo na risiti, kama nauli ya bodaboda, tumieni hati ya malipo yenye jina la mlipwaji, namba ya simu, sababu, kiasi na saini yake. Kila mwisho wa mwezi linganisheni daftari na taarifa ya benki, kisha hesabu zibandikwe mahali ambapo kila mwanachama atazisoma.

Mkipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni zinawataka kuuweka wazi na kuwasilisha mkataba kwa mamlaka husika. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, hivyo mwoneni afisa maendeleo ya jamii wiki ile ile mnayosaini.

Mtajua mmefanikiwa ikiwa mtu asiye mwanachama ataweza kuchukua malipo yoyote ya mwaka huu na, ndani ya dakika kumi, akaona nani aliomba, nani aliidhinisha na risiti iko wapi.

## Hatua ya 6: Jengeni njia ya rufaa kabla ya kuihitaji

Mkianza kuzungumza na jamii kuhusu kinga, wataletwa kwenu watu ambao tayari ni waraibu. Asasi ya kinga isijifanye hospitali, na pia isimfungie mlango aliyekuja.

Tengenezeni orodha ya huduma mlizozitembelea wenyewe: mahali, siku za kazi, masharti, gharama, na jina la cheo cha anayepokea wageni. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini, ilianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine ikiwemo Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Elezeni familia mambo mawili mapema. Methadoni ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo, kwa hiyo haimfai mvuta bangi. Pia dozi, hasa mwanzoni, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kwa hiyo nauli ndiyo huwaangusha wengi. Asasi inayoweza kumsaidia mtu nauli ya wiki za mwanzo imefanya kazi kubwa kuliko bango lolote.

Nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, zitembeleeni bila taarifa. Ulizeni usajili, ulizeni kama mtu anaruhusiwa kuondoka, na angalieni jikoni na vyooni. Penye minyororo au viboko, msimpeleke mtu.

Tahadhari mbili za uhai. Msimfungie mtu ndani ili "arosto imtoke", yaani maumivu ya kukosa dawa yamwishe. Anayeacha ghafla pombe nyingi au vidonge vya usingizi alivyozoea anaweza kupata degedege na kufa, hivyo ahudumiwe hospitali. Na aliyekaa wiki kadhaa bila heroini, iwe rumande, soba au kijijini, mwili wake umepoteza uzoefu wa kuihimili. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Mwambieni hivyo waziwazi siku anayotoka, yeye na familia yake.

Taarifa za watu hawa ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata nyinyi. Tumieni namba badala ya majina katika ripoti, na orodha yenye majina ifungwe kabatini. Msitume picha ya mtu kwenye kundi la WhatsApp, hata kama ni kwa nia ya kumtafutia msaada.

## Hatua ya 7: Watunzeni wanaojitolea

Andikeni posho ya nauli itakuwa kiasi gani na italipwa lini, na kama haipo semeni mapema kuwa haipo. Mtu huvumilia kukosa posho, ila ahadi isiyotimizwa humkimbiza. Kila mwezi wawezeshaji wakutane kwa saa moja kuzungumzia yaliyowalemea, maana anayesikiliza maumivu ya wengine kila siku naye huumia.

Mwanachama aliyepona akirudia kutumia, asifukuzwe wala kutangazwa. Apumzishwe majukumu, asindikizwe kwenye huduma, na nafasi yake ihifadhiwe. Amueni hivyo mapema kwa maandishi, kwa sababu siku tukio likitokea hasira na aibu ndizo zitakazoongoza.

## Hatua ya 8: Pimeni, kisha ndipo muombe

Kabla ya kipindi cha kwanza, wapeni washiriki dodoso la maswali kumi lisilo na jina. Mrudie dodoso hilo hilo baada ya kipindi cha mwisho, na tena baada ya miezi sita. Pamoja nalo, tunzeni mahudhurio ya kila wiki na sababu za walioacha. Msiandike kuwa mmeokoa vijana 5,000 kwa sababu watu 5,000 walikuwa uwanjani. Andikeni kuwa watoto 84 walianza, 71 walimaliza vipindi 12, na majibu yao yalibadilika hivi, kama ndivyo ilivyokuwa. Mfadhili makini humwamini anayetaja hata waliomponyoka.

Mkiwa na kumbukumbu za miezi 12, anzeni karibu: wafanyabiashara wa soko lenu, misikiti na makanisa, kampuni iliyo wilayani. Kisha tafuteni ruzuku ndogo za balozi na za mashirika ya Umoja wa Mataifa. Fedha za asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nazo hurejeshwa. Zinaweza kuwafaa vijana waliopona waliounda kikundi cha uzalishaji, lakini msiziweke kwenye bajeti ya elimu ya kinga. Ombi lenu lianze na ule ukurasa wa hatua ya kwanza, likifuatiwa na ile sentensi moja ya hatua ya pili, bila kubadilishwa ili kumfurahisha anayesoma.

## Jaribio la mwisho

Chagueni mwezi mmoja katikati ya mwaka. Mwanzilishi wa asasi asihudhurie kikao, asitie saini, asijibu simu za asasi. Mwisho wa mwezi kagueni madaftari matatu: kikao kilifanyika tarehe yake, vipindi vilifundishwa, masurufu yalirejeshwa, na aliyeletwa kutafuta msaada alifikishwa hospitali. Palipo na pengo, rudini kwenye hatua inayohusika, muirekebishe, kisha jaribuni tena baada ya miezi mitatu.